Kijana, Shamba Lako Lina Daftari? Kwa Nini Cheti cha Uandishi wa Kiufundi ni Pembejeo Kama Mbolea

Leo siongelei mbegu, mbolea wala bei ya nyanya sokoni. Naongelea maandishi. Najua wengine mtasema, "Afisa, sisi tumekimbia darasa tukaja shambani, unaturudisha darasani?" Vumilia kidogo, usome mpaka mwisho. Jambo hili linawagusa zaidi nyinyi vijana mnaolima kibiashara, hasa mnaoendesha shamba kwa simu.

Chukulia wewe uko Dar kwenye shughuli zako, nyanya zako ziko Ruaha Mbuyuni. Unamtumia kijana wako ujumbe: "Kesho piga ile dawa, kifuniko kimoja kwa bomba, anza saa mbili." Kwako wewe ujumbe umeshiba kila kitu. Sasa tuuangalie kwa macho ya anayeupokea.

Dawa ipi? Stoo kuna chupa tatu, na moja ni ya kuua magugu. Kifuniko kipi? Kila chupa ina kifuniko cha ukubwa wake. Bomba lipi? Kuna la lita 16 na la lita 20. Saa mbili gani? Kwa Kiswahili ni saa mbili asubuhi, lakini simu ya kijana ikiandika 2:00 ni saa nane mchana, jua kali na upepo umeshaamka. Na baada ya kupiga, wavunaji waingie lini?

Ujumbe mmoja, maswali matano. Kijana wako hatakupigia kuuliza yote matano. Atakisia. Akikosea, utasema vijana wa siku hizi hawasikii. Mimi nasema alisikia vizuri, ila alichopewa hakikutosha.

Kuna fani nzima inayofundisha kuziba matundu ya aina hiyo. Inaitwa uandishi wa kiufundi, na unaweza kuisoma kwa cheti cha muda mfupi bila kuacha shamba.

Maandishi mabovu yameshaua wakulima

Kama unaona hili ni jambo la ofisini tu, sikiliza kisa cha Iraq.

Mwaka 1971 Iraq iliagiza kutoka nje shehena kubwa ya mbegu za ngano na shayiri. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa ya ukungu yenye zebaki, sumu kali kwa binadamu. Ilikuwa mbegu ya kupanda, si ya kula. Sehemu nyingi ikafika msimu wa kupanda umeshapita. Wakulima wakabaki na magunia ya nafaka ndani na njaa mlangoni. Wakasaga, wakaoka mikate.

Je, onyo halikuwepo? Lilikuwepo. Magunia yalikuwa na maandishi ya Kihispania na Kiingereza, pamoja na picha ya fuvu na mifupa. Mkulima wa Iraq anasoma Kiarabu, kama anasoma. Fuvu halikuwa na maana kwake. Mbegu zilipakwa rangi ya kutahadharisha, lakini baadhi ya watu walipoziosha rangi ikatoka, wakaamini sumu nayo imetoka. Wengine waliwalisha kuku kwanza. Kuku hawakufa siku hizo, kwa sababu sumu ile huchukua wiki kadhaa kuonyesha madhara.

Waliolazwa hospitali walihesabiwa 6,530. Waliofia hospitalini ni 459.

Tazama vizuri tatizo lilikuwa wapi. Aliyeandika onyo alikuwa na habari sahihi, lakini aliiandika kwa ajili yake mwenyewe. Hakujiuliza: atakayefungua gunia hili ni nani, anasoma lugha gani, na picha hii anaijua?

Na sisi tuna mbegu zenye rangi. Mahindi ya mbegu unayonunua dukani yakiwa mekundu au ya kijani, rangi ile ni onyo. Je, mama anayekupikia shambani amewahi kuambiwa?

Fani yenyewe ni nini

Uandishi wa kiufundi ni kuandika ili mtu afanye kazi fulani kwa usahihi na kwa usalama, hata kama wewe haupo. Kitabu kidogo kinachokuja na pampu ya maji ni uandishi wa kiufundi. Lebo ya kiuatilifu pia, ratiba ya kulisha kuku ukutani pia, na andiko la mradi unalopeleka halmashauri pia. Mashairi na hotuba ni mambo mengine. Hapa tunapima kitu kimoja tu: msomaji amefanya sawasawa, au hakufanya?

Fani hii husomwa sana kwa mtindo wa elimu ya kujiendeleza, yaani mtu ana kazi yake na anasoma jioni, wikiendi au kwa mtandao, kozi moja moja, mpaka anapata cheti. Mtindo huu ni ndugu wa kazi yangu. Mwaka 1873 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilianza kupeleka walimu wake kufundisha mijini kwa watu wasioweza kuja chuoni. Wazo likasambaa. Marekani mwaka 1914 ikatunga sheria ya Smith-Lever, ambayo ilipeleka elimu ya vyuo mpaka kwa mkulima shambani. Jina la Kiingereza la kazi ya ugani limetoka kwenye mfumo huo huo. Kwa hiyo afisa ugani akikwambia ujiendeleze, hajatoka nje ya kazi yake.

Utafundishwa nini hasa

Kozi zinatofautiana, ila mambo ya msingi yanajirudia. Nayaeleza kwa mifano ya shamba.

*1. Mjue msomaji kabla ya kushika kalamu.* Nani atasoma? Anajua nini tayari? Atasomea wapi: stoo penye giza, au juani akiwa na glavu? Karatasi ya kibarua wa siku moja haiwezi kufanana na taarifa ya meneja wa benki.

*2. Kitu kimoja, jina moja.* Hapa Kiswahili chetu cha shambani kinatuponza. Neno "dawa" linabeba kila kitu: kiuadudu, kiuaukungu, kiuagugu, busta, hata panadol. Ukiandika "piga dawa" umefungua mlango wa hasara. Mtu akipiga kiuagugu kwenye nyanya akidhani ni kiuadudu, msimu umeisha hapo hapo. Chagua jina, liandike kwenye chupa kwa maka peni, na karatasi zote zitumie jina hilo hilo.

*3. Sentensi moja, tendo moja.* Watengenezaji wa ndege wa Ulaya walilazimika kulifanyia kazi jambo hili miaka ya 1980. Mafundi wengi wa ndege walikuwa wanasoma vitabu vya Kiingereza ambacho si lugha yao. Wakatunga kanuni za Kiingereza chepesi, ambazo leo zinajulikana kama ASD-STE100. Kanuni mojawapo inasema sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20. Kumbuka neno moja la Kiswahili linabeba mengi: "nitakupigia" peke yake ni sentensi. Kwa hiyo kwetu ushauri wangu ni maneno 12 hivi, usizidi 15.

*4. Onyo litangulie tendo.* Ukiandika hatua ya 4 "mimina" halafu hatua ya 5 "kabla ya kumimina vaa glavu", umeshachelewa. Mtu anasoma huku anafanya.

*5. Namba na kipimo chake.* "Kidogo", "kiasi" na "kifuniko" si vipimo. Nitalirudia hili hapo chini kwa hesabu.

*6. Ijaribu.* Mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hiyo. Kaa kimya, mwangalie. Akisimama na kukuna kichwa, usimweleze. Weka alama hapo, maana kosa ni la karatasi. Ukishaona amefanya mwanzo mpaka mwisho bila kukuuliza, hiyo ndiyo karatasi.

Somo hili la sita ndilo wengi wanaoandika bila kusomea hulikosa kabisa.

Hesabu inayopotea kwenye kifuniko

Tuseme lebo ya kiuadudu chako inasema: lita 1 kwa hekta, kwa maji lita 400. Huu ni mfano tu. Wewe fuata lebo ya chupa yako.

Lita 1 ni ml 1,000. Gawanya kwa lita 400 za maji, unapata ml 2.5 kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 16 linahitaji ml 40. Bomba la lita 20 linahitaji ml 50.

Sasa kijana akichukua kipimo cha bomba kubwa, ml 50, akakiweka kwenye bomba dogo, amezidisha kwa robo nzima. Akifanya kinyume chake, amepunguza kwa asilimia 20. Wadudu wanaobaki ni wale wagumu, na hao ndio watakaozaana.

Kosa kubwa zaidi ni la hekta na ekari. Hekta moja ni karibu ekari 2 na nusu. Mtu akisoma "lita 1 kwa hekta" akaimwaga kwenye ekari moja, amepiga mara 2 na nusu ya kipimo. Amechoma pesa, na ameweka mabaki ya sumu kwenye nyanya ambayo mtoto wa mtu ataila.

Ekari moja kwa mfano wetu inataka karibu ml 400 na maji lita 160, yaani mabomba 10 ya lita 16. Andika hivyo hivyo: "mabomba 10, ml 40 kila bomba". Usimwachie kijana hesabu ya hekta. Hesabu ni kazi yako, yeye apewe jibu.

Ujumbe ule ule, ukiandikwa na mtu aliyesoma

> KAZI: Kupiga kiuadudu, chupa yenye alama namba 2. Kitalu cha 3, nyanya, ekari 1.
>
> LINI: Jumanne, saa 12:30 asubuhi hadi saa 3:00 asubuhi (simu itaonyesha 6:30 hadi 9:00). Upepo ukianza kuvuma kwa nguvu, acha, nipigie.
>
> ONYO: Usifungue chupa kabla hujavaa glavu, barakoa, miwani, mabuti na koti. Usile wala usivute sigara mpaka umeoga.
>
> 1. Jaza maji nusu ya bomba dogo (lita 8).
> 2. Pima ml 40 kwa kikombe cha kupimia. Usitumie kifuniko.
> 3. Mimina ndani ya bomba.
> 4. Suuza kikombe mara 3. Maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba.
> 5. Ongeza maji mpaka alama ya lita 16. Funga, kisha tikisa.
> 6. Piga. Rudia mpaka umemaliza mabomba 10.
> 7. Weka kibao chekundu kitaluni. Mtu asiingie mpaka Jumatano saa 3:00 asubuhi.
> 8. Jaza daftari la dawa leo leo, kabla ya kuondoka.
>
> KUVUNA: Usivune kitalu hiki kabla ya Jumatano ya wiki ijayo.

Angalia mstari wa mwisho. Lebo ilisema siku kadhaa za kusubiri, lakini karatasi imetaja siku yenyewe. Mvunaji hana haja ya kuhesabu. Siku za kusubiri na muda wa kutoingia kitaluni vyote unavitoa kwenye lebo, usikisie.

Kama kijana wako hasomi vizuri, muonyeshe utepe wa rangi chini ya lebo. Kwa mfumo unaotumika kimataifa, nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha buluu, na kijani ni afadhali kuliko zote. Bandika picha na rekodi sauti ya Kiswahili cha kwao. Kanuni za uandishi ni zile zile: hatua moja, tendo moja, onyo mwanzoni.

Pesa iko wapi hapa?

Najua swali hili mnalisubiri. Iko sehemu tatu.

*Kwanza, soko la nje.* Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002, tangu Januari 2005 mfanyabiashara wa chakula kule lazima ajue bidhaa kaipata kwa nani na kampelekea nani. Kwa hiyo mwagizaji wa parachichi au maharage mabichi atataka karatasi kwa msafirishaji, na msafirishaji atakugeukia wewe. Wauzaji wa rejareja wa Ulaya nao walianzisha viwango vyao mwaka 1997, ambavyo tangu 2007 vinaitwa GLOBALG.A.P. Kwenye kumbukumbu za dawa, mkaguzi ataangalia zao, kitalu, tarehe, jina la dawa na kiambato chake, sababu ya kupiga, aliyeidhinisha, kiasi, mashine iliyotumika, aliyepiga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Unaweza kuwa na parachichi safi kuliko zote Njombe. Daftari likiwa tupu, mkaguzi hana cha kukusaidia. Yeye anakagua kilichoandikwa.

*Pili, mtaji.* Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mlango wake ni andiko la mradi. Maandiko mengi ya vijana yanaanza na kurasa mbili za "kilimo ni uti wa mgongo wa taifa". Anayesoma anajua hilo. Anachotafuta ni hiki: mnataka shilingi ngapi, mtafanyia nini, mtavuna lini, mtauza kwa nani, mtarejesha vipi. Aliyesomea fani hii anaweka majibu hayo ukurasa wa kwanza.

*Tatu, na hii ndiyo kubwa, shamba kukua.* Ekari moja unaisimamia kwa mdomo. Ekari kumi, sehemu mbili tofauti, vibarua wanaobadilika kila msimu, mdomo hautoshi. Kijana wako mzuri akipata kazi kwingine anaondoka na ujuzi wote kichwani, unaanza upya. Kazi zikiwa zimeandikwa, anayekuja anaanzia pale mwenzake alipoishia.

Usome wapi, na usome vipi

Kuna njia mbili, na naona zifuatane.

*Anza na cha bure.* Google wana kozi zao za uandishi wa kiufundi mtandaoni, bila malipo. Zimetungwa kwa ajili ya wahandisi wa programu na ziko kwa Kiingereza, lakini masomo ya maneno yasiyobadilika, sentensi fupi na orodha yanafaa shambani pia. Zitakuonyesha kama fani unaiweza na unaipenda, kabla hujatoa hela.

*Kisha cheti chenyewe.* Vyuo vikuu kadhaa vya nje hutoa cheti hiki kwa mtandao kupitia idara zao za elimu ya kujiendeleza. Hapa nyumbani, gonga hodi kwenye taasisi zenye uzoefu wa kufundisha watu walio kazini: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kufundisha kwa masafa, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro. Ulizia kozi fupi za uandishi wa taarifa, maandiko ya miradi na mawasiliano ya kitaalamu. Jina la kozi linaweza kuwa tofauti. Wewe soma orodha ya masomo, usisome jina.

Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza haya:

- Kazi zangu zitasahihishwa na mwalimu, na zitarudi na maelezo? Kama hapana, unanunua video tu.
- Naweza kutumia karatasi za shamba langu kama kazi za darasa? Hili ndilo swali bora kuliko yote. Ukimaliza kozi unakuwa na cheti na shamba lililoandikwa.
- Inataka sifa gani za kujiunga, na Kiingereza cha kiwango gani?
- Inachukua saa ngapi kwa wiki? Angalia isiangukie msimu wa kupanda au kuvuna.
- Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na bando?

Nami niseme ukweli. Cheti hiki si shahada, na peke yake hakiongezi hata gunia moja. Kama una robo ekari unaihudumia mwenyewe, daftari la shilingi elfu moja linakutosha. Kama mko kikundi cha vijana, si lazima msome wote. Changeni, mpelekeni mmoja mwenye mkono wa kuandika na subira ya kusikiliza, kwa makubaliano kwamba akirudi ataandika kazi za mashamba yote. Hayo makubaliano nayo yaandikeni.

Kazi ya wiki hii

Usisubiri kozi. Chagua kazi moja tu ya shambani kwako, ile inayokugharimu zaidi ikikosewa. Inaweza kuwa kuchanganya dawa, kuwasha pampu, au kupanga parachichi kwenye kreti. Iandike kwa hatua zisizozidi 10. Mpe mtu ambaye hajawahi kuifanya, ukae pembeni na mdomo umefungwa. Hesabu mara ngapi amesimama.

Akisimama mara moja au mbili, unaendelea vizuri. Akisimama kila hatua, basi umeshajua vijana wako wamekuwa wakikisia mara ngapi kwa msimu, na fedha ya ada ya kozi umekuwa ukiilipa siku zote bila kupewa cheti.

Kazi njema, na lebo isomwe kabla chupa haijafunguliwa.